Maombi Kabla ya Picha ya Tumbo

Leo nimebanwa na mkojo na maombi kwa wakati mmoja.

Niko kliniki hapa Rongo, nangoja kupigwa picha ya tumbo. Nimeambiwa ninywe lita nzima ya maji na nisiende choo. Nimekunywa yote. Mguu unacheza wenyewe.

Mara nasikia, "Nyar Asumbi!" Yaani binti wa Asumbi, ndilo jina langu huko nilikoolewa.

Ni mama mkwe, na kina mama watatu wa kanisa. Kuona tumbo langu, akapiga vigelegele. Miaka minne ameingoja hiyo siku.

Wakanizunguka. Mikono minane juu ya tumbo. Wakamwombea mjukuu azaliwe salama, aitwe jina la babu yake. Kila "Amina" wanafinya!

Nyinyi mngesema nini hapo?

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, si mimba. Ni uvimbe kwa kizazi."

Lakini hakuna mkono ulitoka.

Mama mkwe akafuta macho na leso. "Basi tuanze upya," akawaambia wenzake. "Hayo tumeomba yalikuwa ya mtoto."

Nimelia, jameni. Hadi sasa sijui ni maneno yake ama ni mkojo.