Pale Nilipochomeka Kigingi

Kazi yangu ni kutafuta maji ardhini. Naishi Ipagala peke yangu, vyumba vitatu, na jioni nikirudi kutoka ofisini Mtumba hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Nimechoka kubishana na redio.

Mama yuko kijijini Kondoa. Kila asubuhi alikuwa akienda kufukua maji kwenye mchanga wa korongo. Nilimbembeleza kwa miaka aje tukae wote, akakataa. Mwisho akasema, "Haya, chimba kisima hapa uani. Maji yakikosekana, nafunga virago nakufuata."

Nikapima uwanja mzima kwa siku mbili. Mama akauliza kama kuna ziwa huko chini. Nikamwambia hakuna ziwa, ni mwamba mgumu tu, na maji ya mvua huzama polepole yakajificha kwenye nyufa zake. Akautazama unyayo wake, akacheka.

"Kumbe na wenyewe una magaga!"

Magaga ulikuwa nayo, na vipimo vilionyesha yamepita nyuma ya jiko. Upande wa zizi palikuwa na jiwe zima, kavu.

Kigingi cha kuonyesha pa kuchimba nilikichomeka zizini. Sijitetei. Nilimtaka mama yangu, nikaamua kumnyima maji.

Siku ya kuchimba, mtambo ulitoa vumbi la kijivu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Moyoni nilishaanza kupanga chumba chake: kitanda kielekee wapi, mswala wake ukae wapi. Mara vumbi likalowa, likawa tope, kisha maji yakaruka kupita paa. Kulikuwa na ufa ambao kipimo changu hakikuuona. Mungu si Athumani.

Mama alipiga vigelegele, akanishika mkono akanizungusha kwa majirani. "Huyu mwanangu anaona ndani ya jiwe!" Nililia mbele yao, wakadhani ni furaha.

Sasa hunipigia simu kila Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Magaga yangu yamepona, korongoni siendi tena. Kila nikichota nakuombea dua, maana wengine huwasahau mama zao."

Naitikia amina. Akishakata simu, naenda kukaa kwenye kitanda nilichomnunulia, ambacho godoro lake bado lina nailoni.