Nilivyompokea Mdogo Wangu Niliyemlisha Maneno

Nilitoka nyumbani kwangu Rau, pembeni mwa Moshi, kwenda kumpokea mdogo wangu Deo, mwandishi wa habari, ambaye waasi walikuwa wamemwachia baada ya kumshikilia miezi saba katika nchi ya jirani yenye vita. Hiyo ndiyo sababu niliyowatangazia watu. Ya pili sikuitangaza: nilitaka kukaa naye faragha kabla mtu mwingine hajamuuliza kuhusu ile simu.

Simu yenyewe ni hii. Mwezi wa pili wa kutekwa kwake, waasi walimruhusu kupiga simu kwa dakika moja. Alinipigia mimi, kaka yake mkubwa, kwa sababu namba yangu ndiyo pekee aliyoikumbuka kwa kichwa. Nikasikia, "Shikamoo kaka." Nikajibu marahaba, kisha ulimi ukashika njia yake ya kila siku.

"Habari za huko?"

"Nzuri, kaka. Sikiliza..."

"Mmeamkaje?"

"Salama. Kaka, naomba..."

"Chakula mnapata? Na mvua huko, imeshanyesha?"

Ikakatika. Mdogo wangu alipewa dakika moja ya kuzungumza na dunia, nami nikamuuliza habari za mvua.

Jioni hiyo mke wake, Tusekile, alishuka mbio kutoka Marangu. "Amesema nini, shemeji?" Nilimtazama, nikaona siwezi kumwambia nilichokifanya. Nikatunga. Nikasema Deo yuko imara kama mlima Kilimanjaro, na kwamba mke wake mpenzi asilie. Kesho yake redio moja ya mjini ikanipigia, nikatunga vizuri zaidi. Nilihojiwa mara sita. Kufikia mara ya sita, ujumbe wa Deo ulikuwa na utangulizi, methali mbili na salamu kwa vijana wa mkoa mzima.

Saa kumi na mbili asubuhi, Rau. Kamati ya mapokezi ilikutana mbele ya nyumba yangu, na mwenyekiti alikuwa mimi. Tulikuwa na kamati ndogo nne: usafiri, chakula, fulana na itifaki. Ile ya itifaki ilikuwa na wajumbe wengi kuliko ya chakula, jambo ambalo kwetu Wachagga halijapata kutokea. Wapiga tarumbeta walishapanda kwenye pikapu. Fulana za njano ziligawiwa, na kila mgongo ulisomeka: NIPO IMARA KAMA KILIMANJARO. Chini yake: DEO.

"Mzee, leo tunakiwasha!" alisema Frenki, mshereheshaji wetu, kijana aliyewahi kukaa Dar miezi mitatu na hajarudi tangu siku hiyo, ijapokuwa anaishi Kiboriloni.

Nilivaa fulana yangu juu ya koti.

Saa tatu, uwanja wa ndege. Tusekile alisimama mbele kabisa ya umati, ameshika kanga mpya ya kumfunika mumewe mabegani. Mjumbe wa itifaki akamshika mkono kwa adabu na kumpeleka mstari wa tatu. Wa kwanza kumkumbatia Deo, alieleza, ni mgeni rasmi.

"Mgeni rasmi yuko wapi?" aliuliza Tusekile.

"Yuko njiani."

"Na mume wangu?"

"Ameshatua. Lakini tuvumilie kidogo."

Deo akatoka. Alikuwa amekonda, amebeba mfuko mmoja wa plastiki. Kwaya ilikuwa imeshafungua midomo, Frenki akawahi kupunga mikono. "Bado! Bado! Kaka Deo, samahani, rudi ndani kwanza. Mheshimiwa hajafika. Tutakuita utoke tena, kamera ziwe tayari."

Deo akageuka, akarudi ndani. Hakuuliza sababu. Alitembea kama mtu aliyezoea kuambiwa toka na rudi, macho yakitazama visigino vya aliyetangulia. Wenzangu walicheka, wakasema jamaa ni mtiifu. Mimi sikucheka. Lakini pia sikusema neno, na mwenyekiti nilikuwa mimi.

Alikaa huko ndani dakika arobaini. Mheshimiwa alipofika, Deo akaachiwa kwa mara ya pili, tarumbeta zikalia, na mheshimiwa akamkumbatia upande ule wenye kamera.

Barabarani, Boma Ng'ombe. Nilikuwa nimepanga gari ili nikae naye sisi wawili tu kiti cha nyuma. Tusekile alipangiwa gari la akina mama. Nilikuwa na hotuba fupi ya toba kichwani, ila kabla sijaianza tulisimamishwa na umati uliotaka kumwona. Msichana mmoja mwenye fulana ya njano alitugeuzia mgongo apigwe picha akiwa na gari letu. Deo akasoma.

"Kaka, haya maneno ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Nimeyasema lini?"

"Kwenye simu," nilijibu, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayejibu karani wa mahakama.

Aliusoma tena ule mgongo, polepole. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Hotuba yangu ilibaki tumboni mpaka mjini.

Saa saba, Moshi. Msafara ulipita Mawenzi, karibu na hospitali, na hapo wapiga tarumbeta waliona pana watu wengi wa kusikia. Muuguzi mmoja alitoka nje akaweka kidole midomoni. Wao wakadhani anawapulizia busu. Wakaongeza.

"Kaka, naomba tushuke mahali ninywe maji nimekaa," alisema Deo.

Nilitazama ratiba. "Kunywa maji kupo Marangu, baada ya sala."

Naam, nilimjibu hivyo, na sisingizii uzee.

Saa tisa, Marangu. Uwanja wa shule ulijaa. Mbuzi wa ndafu, aliyebanikwa mzima, alisimama mezani, majani mdomoni, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshaanza kazi yake kwa wazee wa nyuma. Ratiba ilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Kipengele cha kumi na tisa kilisema: Neno fupi kutoka kwa mhusika, dakika tatu. Mheshimiwa alizungumza dakika hamsini kuhusu barabara ya lami. Watu wanne tofauti walieleza jinsi kila mmoja alivyosababisha Deo aachiwe: mmoja kwa maombi, mmoja kwa barua, mmoja kwa kumjua mtu anayemjua mtu. Wa nne alikuwa mimi. Nilisema mahojiano yangu redioni ndiyo yaliyowatikisa waasi.

Frenki akamsimamisha Deo. "Hebu waonyeshe wazee, walikufunga vipi?"

Deo akainua mikono, akakutanisha viwiko nyuma ya mgongo. Watu wakapiga makofi. Ilipofika zamu yake kuzungumza, alishika kipaza sauti akasema, "Nawashukuru. Naomba kukaa."

"Mnaona?" alipaza Frenki. "Hana maneno mengi! Imara kama mlima!"

Asubuhi ya pili, kihambani. Kihamba ni shamba letu la ukoo, migomba na kahawa, alilorithi Deo pamoja na nyumba ya wazazi kwa kuwa ndiye kitindamimba. Nililala huko. Kulipokucha nilimkuta ameketi ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji baridi yatokayo mlimani. Hapakuwa na kamati. Akaniamkia, nikamwitikia, na kwa mara ya kwanza maishani nikaishia hapo.

Nikaketi kando yake. Kisha akasema, "Kaka, unajua nilichotaka kukuambia siku ile?"

"Niambie."

"Nilitaka kusema nyamazeni. Neno moja tu. Nyamazeni, msiende redioni." Alisogeza miguu majini. "Walikuwa wamechoka kunilisha. Mchungaji mmoja wa huko alishawaambia mimi si mtu mkubwa, ni mwandishi tu wa kuandika habari za bei ya mihogo. Walikubali. Yalibaki mambo ya siku chache niachiwe. Ndipo waliposikia mahojiano yako kwenye simu zao. Wanakijua Kiswahili, kaka, tena kizuri. Wakasema, kumbe! Huyu mkoa mzima unamsubiri."

Alichota maji kwa kiganja, akanawa uso.

"Wakanipa jina. Mlima. Kukiwa na gunia la kubebwa, wanasema, Mlima abebe, si yuko imara? Siku ya yale mahojiano yenye methali nilibeba mpaka nikaanguka."

"Deo, mimi..."

"Miezi mitano zaidi, mbe," alisema, akiniita Kichagga.

Niliinuka nikaenda mpakani, nikakata jani la isale. Huu ni mmea tunaoupanda kuzunguka kihamba, na Mchagga aliyekosewa akiletewa jani lake na mkosaji hana budi kusamehe. Mababu walikata hivyo, na kesi inaishia hapo. Nililifunga fundo kama baba alivyotufundisha, nikampelekea kwa mikono miwili. Nakiri kwamba njiani nilishaanza kujisikia nafuu. Ni jani jepesi sana.

Deo alilitazama lile fundo. Akalipokea. "Nimesamehe. Nikikataa, baba atageuka kaburini pale nyuma ya kahawa. Lakini ile miezi haikuwa yangu peke yangu. Nenda kwa Tusekile."

Jikoni. Shemeji yangu alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori. Yeye si Mchagga. Baba yake alitoka Rungwe akaja kukata miwa kwenye mashamba ya chini, kusini mwa mji, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi kule. Nilikuwa nimekata isale la pili. Nikamnyooshea.

"Hilo la nini, shemeji?"

"Ni isale. La kuomba radhi."

"Nalijua. Nimelipalilia miaka kumi na miwili." Hakuacha kumenya. "Kwetu halisemi kitu. Sema wewe."

Basi nikasema. Habari za mvua, uongo, mahojiano sita, gunia. Kuomba radhi kwa jani kulikuwa hatua ishirini tu kutoka mpakani; kwa mdomo kulinichukua beseni zima la ndizi. Nilipomaliza alifuta kisu.

"Nilijua si maneno yake," alisema. "Mke wangu mpenzi! Deo? Hata kuniposa alimtuma rafiki yake aseme kwa niaba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unaongea."

Nikainamisha kichwa.

"Watoto wangu waliyaamini, shemeji. Waliyaandika kwenye karatasi wakabandika juu ya kitanda. Usiku nilikuwa nawasikia wakiyasoma pamoja na sala. Ningeyabanduaje?" Akashika ndizi nyingine. "Uliyasema hadharani. Kayafute hadharani. Ukimaliza ndipo tuzungumze habari za msamaha. Na hilo jani lako liweke pale kwa mbuzi, ingawa hata yeye halili."

Saa nane mchana, kurudi. Niliteremka kupitia Himo hadi Moshi, nikaenda moja kwa moja kwenye ile redio. Mtangazaji, binti mchangamfu, alinipokea kwa shangwe. "Shikamoo babu yetu! Leo tupe tena ule ujumbe wa mlima!" Akawasha mashine ya kurekodi. Nikaeleza yote tangu mwanzo. Mara mbili alikunja uso, mara moja alitazama saa. Nilipofika kwenye gunia akazima.

"Babu, hii hatuwezi kuirusha. Watu wamefurahi, tuwaharibie? Huna kitu kizuri kizuri?"

"Hiki ndicho nilicho nacho."

"Usijali, tutajua la kufanya."

Walijua kweli. Jioni nikiwa dukani Rau nilijisikia redioni, mahojiano ya sita, methali zote mbili. Muuza duka alinipongeza, akanipa soda. Nikamwambia ule ni uongo. Akacheka, akasema wazee wa siku hizi ni wanyenyekevu mno.

Ndiyo maana nimeandika. Nimesoma hadi kidato cha nne na nimekuwa karani wa ushirika wa kahawa miaka mingi. Kuandika jambo lilivyo nilipaswa kuweza tangu zamani. Nilichojifunza katika safari hii ya siku mbili ni kwamba kwa miezi saba sikumtafutia Deo uhuru. Nilimtafutia wasikilizaji, na hata hao walikuwa wangu. Wenye bunduki walimfunga kwa kamba. Sisi tuliompenda tulimfunga kwa ratiba, tukamrudisha ndani ili kamera ziwe tayari. Anayesoma haya akiwa na fulana ya njano nyumbani aifanye tambara la kudekia. Maneno yale ni yangu, na ni ya uongo.

Kabla ya kuyatoa maandishi haya, niliyapeleka Marangu ayasome Tusekile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyadai. Yalirudi baada ya siku tatu. Alikuwa amekata kwa penseli mistari minne, yote ile niliyokuwa nimejisifu kwa ujasiri wa kukiri. Mingine aliiacha. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho ameandika: "Watoto nimewasomea mwenyewe. Jumapili uje kula, na watakuuliza maswali. Ujibu lile tu uliloulizwa."