Bibi Asiyekwenda Popote

Juzi jioni nikiwa dukani Chikongola, alipita bibi mmoja amejitanda kanga mpya. Mwenye duka akamwita:

"Bibi, umependeza! Kuna harusi?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Natembea tu."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nilipokwenda Italia kumwona binti yangu, kila jioni watu walivaa vizuri, wakazunguka mjini wakisalimiana, basi. Nimepakumbuka."

Mwenye duka akacheka. Mimi nilimkumbuka marehemu mama yangu kule Likombe, akipita nyumba kwa nyumba kila jioni, kusalimia tu. Italia hakuijua hata kwa jina.

Nikarudi kwa miguu, nikibisha hodi kwa majirani. Nyumba ya tatu wakaniuliza, "Nani amefariki?"