Siku Mia na Themanini

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, ingawa mpaka leo sijui nijilaumu kiasi gani. Umri wangu ulikuwa umekwenda, lakini kwenye kompyuta nilikuwa kijana kabisa, na nilikosea kama kijana.

Nilikuwa karani wa Kapteni Vestine, hapa Kicukiro. Kazi yake ni kuwatahini marubani wapya: anaruka nao, halafu anasema umefaulu, au rudi ukajifunze. Zamani niliandika miadi kwenye daftari. Ikaja programu, watu wakawa wanashika nafasi wenyewe kwa simu. Siku ya kuipanga iliniuliza: mtu aruhusiwe kushika nafasi siku ngapi kabla? Nikaandika mia na themanini. Niliona ni ukarimu. Labda pia nilitaka nisisumbuliwe, sina hakika.

Wiki haikuisha, nafasi za miezi sita zote zikajaa. Nikafurahi.

Kulikuwa na binti anaitwa Claudine, aliyejiandaa vizuri. Siku yake ya mtihani mawingu yalilala juu ya vilima, hawakuruka. Si kosa la mtu. Lakini alipotafuta siku nyingine, programu ilimpa ya miezi sita mbele, na matokeo ya mtihani wake wa maandishi yalikuwa yamebakiza siku kumi kuisha muda. Yakiisha kabla hajaruka na Kapteni, anaurudia wote.

"Muzehe," akaniambia, maana wazee hapa ndivyo tunavyoitwa, "nisaidie."

"Kompyuta imekataa, binti yangu. Nikikupitisha wewe, wenzako nitawaambia nini?"

Nilidhani hiyo ndiyo haki. Hata sasa sidhani nilikosea kabisa.

Siku sita zilipita ndipo Kapteni akasikia. Hakupandisha sauti.

"Nani amekataa?"

"Kompyuta, Kapteni."

"Ilikuuliza, wewe ukajibu. Umegawa siku zangu ambazo mimi mwenyewe sijui kama nitaamka mzima, na hukubakiza hata moja. Hao walioshika, umewauliza kama wako tayari?"

Sikuwa nimeuliza. Nikampigia simu mwenye nafasi ya keshokutwa, seremala mmoja wa Gisozi, nikamweleza shida ya Claudine. Akacheka.

"Muzehe, mimi hata peke yangu sijaruka! Nilishika tu. Si watu wanashika ukumbi wa harusi kabla hawajapata mchumba? Mpe huyo dada."

Claudine akapata siku hiyo. Mawingu yakarudi. Siku mbili zilizobaki zilikuwa na wenyewe, nao walikuwa tayari kweli, sikuweza kuwaondoa. Muda ukaisha, akaanza upya kusoma.

"Kwa mawingu sikulaumu, Muzehe," akaniambia. "Lakini zile siku sita jua liliwaka."

Nilipopekua, katika siku hizo sita watu wawili walioshika nafasi hawakutokea kabisa.

Baadaye nikapunguza mpaka siku thelathini. Mtahiniwa mmoja kutoka Bujumbura akalalamika: kazini kwake ruhusa inaombwa mapema kuliko hapo. Naye alisema kweli. Kwa hiyo idadi inayofaa, mwanangu, usiniulize.

Ila hili nakuambia. Ukipewa kugawa siku za watu, bakiza chache kwa atakayeharibikiwa. Anayeshika siku ya mbali, muulize inapokaribia kama bado anaitaka. Na usiseme mashine imekataa wakati aliyeiamuru ni wewe; mtu akisimama mbele yako, siku hiyohiyo wapigie simu walioshika nafasi.

Imana, Mungu wetu, akulinde, mwanangu, na akukutanishe na watu wanaouliza kabla ya kukataa.