Walikuja kupima moshi wa tanuru Mpanda siku tuliyolizima kwa ajili ya msiba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya naandika kama yalivyotokea, sina haja ya chumvi. Ni miaka ya tisini, Mpanda bado iko Mkoa wa Rukwa, wengi humu mlikuwa hamjazaliwa.

Nililelewa na shangazi yangu, Mpimbwe kwa kabila, mkulima wa mpunga. Nyumba yake ilikuwa njia ya kwenda Kasokola. Nyuma yake palikuwa na tanuru la Mzee Masanja. Alikuwa ananunua betri mbovu za magari, anazivunja, anayeyusha madini ya risasi na kuwauzia wavuvi wa Karema wafunge kwenye nyavu zipate kuzama.

Moshi ule usikie tu. Unakaba koo, unaacha ladha ya chuma mdomoni.

Shangazi akaanza kukohoa. Hospitali wakamwambia akae mbali na moshi. Aende wapi sasa? Nyumba kajenga mwenyewe, kwa jembe lake!

Akaenda ofisi ya wilaya kuomba tanuru lihamishwe. Wakamjibu mpaka moshi upimwe kwanza, na kipimo kiko mkoani, Sumbawanga. Asubiri.

Akasubiri. Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Kila nikienda kuulizia naambiwa, "Gari bovu, kijana."

Shangazi akafariki.

Mtaani kwetu kukiwa na msiba hakuna anayefungua kazi. Masanja naye, tumpe haki yake, alizima tanuru, akaleta kuni, akaenda kuchimba kaburi na wenzake.

Sasa sikieni.

Siku ya kuzika, jeneza liko uani, tunamsubiri katekista, gari la mkoa hilo! Limepona. Akashuka mtaalamu na kidude chenye mshale, akazunguka nacho kwenye tanuru la baridi. Mshale umetulia tuli.

"Hapa hewa safi kabisa," akasema.

Nikamfuata. "Mzee, tanuru limezimwa kwa ajili ya msiba. Aliyewaita ndiye huyu tunayemzika. Rudini likiwashwa."

"Kijana, sisi tunapima tunachokikuta. Poleni sana."

Akanawa mikono, akala wali wa msiba, akaondoka. Mpunga wa shangazi ule! Mpaka leo nakumbuka alivyoongezewa sahani.

Matanga yalipoisha tanuru likawashwa. Ukilalamika, Masanja anakujibu, "Nimepimwa nikakutwa safi. Nyie mnataka nini tena?"

Hasira yangu kwa Masanja ilishapoa, alikuwa anatafuta riziki na moshi anauvuta yeye mwenyewe. Lakini yule mtaalamu, hapana. Nilimwambia kwa mdomo wangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mpimaji akija, muulizeni kwanza kama moto unawaka. Kama hauwaki, mkatalieni, hata kama kaja na gari la serikali. Msione aibu kama tulivyoona sisi kwa sababu ni mgeni msibani.

Shangazi aliomba hewa safi uani kwake. Aliipata siku moja tu, akiwa ndani ya jeneza.

Haya, wa Mpanda na kwingineko, semeni. Huko kwenu wanakuja kupima moto ukiwa unawaka?