Kwa Mtalaka

Ukitaka kumkera yule karani wa benki, usihangaike kumtukana. Muulize tu kwao ni wapi. Atakohoa, atatazama saa, atakwambia "upande ule wa hospitali kubwa," kisha atageuza mazungumzo. Upande wa hospitali kubwa hata paka hawamjui. Yeye ni mtu wa Kwa Mtalaka, kalelewa Kwa Mtalaka mpaka ndevu zikamwota, na huyo Mtalaka mwenyewe ndiye mama yake mzazi.

Kwa Mtalaka ni kona. Zamani ilikuwa na nyumba fupi zilizobanana, bomba moja la maji lililogombaniwa na mtaa mzima, na mfereji ambao harufu yake uliizoea ukipenda usipende. Kwenye pembe yenyewe palikuwa na chumba cha dobi, mwanamke aliyefika na mtoto mgongoni na pasi ya mkaa mkononi, baada ya mume kumtumia talaka kwa mdomo wa shemeji. Mtaa ulimpokea kama mitaa inavyowapokea wanawake walioachwa: salamu mbele, umbea nyuma. Haukupita muda, ukutani pake pakaonekana maandishi makubwa ya chokaa: KWA MTALAKA. Basi jina likanata. Wageni wakawa wanaelekezwa, nenda mpaka Kwa Mtalaka, kata kulia. Mpaka wachimba mitaro wa manispaa wakawa wanalitumia, na wao hawakujua wala hawakutaka kujua nani kamwacha nani.

Mtoto alikua chini ya maandishi hayo. Shuleni alikuwa "mtoto wa Mtalaka", akapigania hilo jina na kila mara akapigwa, maana hakuwa na mwili wa ugomvi. Nani aliyeandika? Hakuuliza. Moyoni alimbandika kinyozi wa jirani, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Alipopata kazi ya kuvaa tai alihama, na tangu hapo akawa anakuja kwa mama yake kila Jumamosi kwa njia ya nyuma, kama mwizi wa kuku.

Miaka ikaenda. Lami ikaja, nyumba fupi zikaangushwa moja moja, yakapanda maghorofa yenye vioo na maduka ya simu. Kilichobaki cha kale ni kibanda cha kinyozi na chumba cha dobi, ambaye siku hizi anatumia pasi ya umeme na kuilaumu kwamba haina uzito. Na watu bwana, hawana haya! Mtaa ulipokuwa hai waliukimbia. Ulipobomolewa ndipo wakafungua kundi kwenye simu la kuulilia, wakarushiana picha zilizofifia na kuandikiana kwamba enzi zile walikuwa ndugu, milango haikufungwa. Karani alisoma hayo akisonya. Milango haikufungwa, ndiyo, na midomo je?

Sasa sikia lililomfika shingoni. Benki yake ilipanga vyumba vya chini kwenye ghorofa jipya, hapo hapo mkabala na mlango wa mama yake, na yeye akateuliwa kuwa mkuu wa makarani wa tawi hilo. Matawi yao yote huitwa kwa jina la mtaa. Wakati huohuo manispaa ikatangaza kwamba itasimika vibao vya majina, na wakazi waamue wenyewe: libaki jina la mazoea, au uitwe Mtaa wa Mawaridi, kama alivyopendekeza mwenye ghorofa. Karani alijiona na beji kifuani, Tawi la Kwa Mtalaka, na wenzake wakicheka na kuuliza, huyu Mtalaka ni nani hasa? Na jibu liko ng'ambo ya barabara, linaanika mashuka ya watu. Usingizi ukamruka.

Mkutano ulifanyika darasani, wazee wa watu wamekunjwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mama alikuwa amemwambia mwanawe kwamba hatakwenda, ana mzigo wa nguo za nyumba ya wageni. Karani alishusha pumzi. Mama asipokuwepo, angeweza kusema kwa niaba yake.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisimulia bomba la maji, mfereji na mafuriko yaliyowalaza wote juu ya meza, akatia chumvi mpaka watu wakashika mbavu. Mwishoni akasema kila kitu chao kimeshabomolewa, hilo jina ndilo jengo la mwisho. Kisha akamwangalia karani, akaongeza kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watu wakapiga makofi.

Karani akasimama, akarekebisha tai. Alianza vizuri, kwa sauti ile ya kaunta. Alisema kumbukumbu ni tamu kwa yule ambaye hazikumchoma. Aliuliza nani kati yao angekubali talaka ya mama yake iandikwe kwenye nguzo ya serikali, isomwe na kila mpita njia. Darasa likatulia, na yeye akaona anawapata. Hapo ndipo alipopaswa kukaa. Lakini ulimi ukishaonja ushindi haurudi upesi.

"Hamjui ninyi," alisema. "Mimi kazini hawajui nimetoka wapi. Miaka yote hii nadanganya. Nimemficha mama yangu kama ugonjwa, kwa sababu ya jina mlilompa ninyi."

Wote walikuwa wanatazama nyuma yake, mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale, mikono bado imekunjamana kwa maji, mtandio umekaa upande kwa haraka ya kuwahi. Kumbe nguo aliziacha kwenye beseni.

Karani alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni. Alitamani mtu acheke, apige kelele, chochote. Mwenyekiti wa mtaa, maskini, hakujua afanye nini, akamkaribisha mama kiti. Mama akasema hakai, ana neno dogo tu.

"Lile jina sikupewa na mtu," alisema. "Niliandika mimi."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Alipofika mtaani, kila akienda bombani mazungumzo yalikatika. Kila mtu alikuwa na hilo neno mdomoni, hakuna aliyethubutu kumpa usoni. Akachoka kusengenywa kwa mafungu. Siku moja akachanganya chokaa, akaazima kigoda kwa kinyozi, na kinyozi ndiye aliyemshikia asianguke. Aliona bora neno alitoe mwenyewe ukutani, walisome mpaka liwachoshe, halafu walete nguo. Na wakaleta. Wenye mtaa mnasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, akasema, basi ya walio hai aijuaye ni dobi. Amefua mashuka ya kila nyumba iliyomcheka, na hajamsema mtu. Wanawake wa nyuma wakaguna kwa kukubali, na mmoja wao akainamisha macho.

"Mimi sikuwahi kulionea haya," mama akamalizia. "Nilidhani tunalibeba wote wawili, na kumbe lilikuwa linamchoma mwenzangu. Angeniambia, ningelifuta siku nyingi. Mwenyekiti, andikeni hayo mawaridi."

Kura ikapigwa. Nani angempinga mwenye jina? Mikono ilinyooka mmoja baada ya mwingine, mizito. Wa kinyozi ulikuwa wa mwisho, na alipounyoosha alimtazama karani bila hasira, akaonekana kumhurumia. Hilo lilimuuma kuliko lile la utumwa. Kwa maisha yake yote alimchukia mtu aliyeshika kigoda. Alishinda mkutano, alipata mtaa wake wa mawaridi, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyempa mkono.

Walirudi pamoja, safari hii kwa njia ya mbele, kwa sababu mama ndiye aliyetangulia. Karani alitafuta pa kuanzia asipaone. Alisema samahani, neno likatoka dogo, kama la mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni. Mama akamjibu hamna neno, akamwonya asikanyage kidimbwi na viatu vizuri. Heri angemfokea. Alijiona mchafu ndani ya suti yake, na akajua kabisa kwamba haikuwa aibu ya jina, wala ya ukuta, wala ya mtaa. Ilikuwa yake mwenyewe, na kibao cha manispaa kisingeifunika.

Chumbani mama aliwasha taa, akachomoa fungu la mashati kutoka kwenye rafu. Yalikuwa mashati ya mwanawe ya wiki nzima, meupe, kola zimesimama wima. Alianza kuyafunga kwenye gazeti kama kawaida yake.

"Kazini wakikusifia mashati," aliuliza, macho kwenye kamba, "wakitaka kujua nani anakupigia pasi, huwa unawaambia nini?"

Karani angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini jioni ile hakuwa na nguvu tena, akasema kweli: huwa anawaambia ni dobi mmoja hivi, wa mjini.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akakaza fundo, akampa furushi.

"Dobi hulipwa, mwanangu," akasema. "Anayefanya bure ana jina lingine."

Kisha akainama kwenye beseni, maana nguo za watu zilikuwa bado hazijafuliwa.