Mnara Usioshika Mtandao

Ukarabati wa mnara wa kengele ulinigharimu madebe kumi na mawili ya dagaa, mbuzi jike mmoja, na jina zuri la mama mkwe wangu. Nimehesabu mara mbili. Hakuna hata kimoja kilichokuwa changu, ndiyo maana vinauma zaidi.

Mnara wenyewe mnaujua, au mnajua picha yake. Kigoma hatuchapishi kalenda bila kuuweka. Umekaa mlimani juu ya ziwa, una pembe nne, nusu ya chini mawe, nusu ya juu matofali ya kuchoma. Historia yake inategemea nani ameuliza. Akija mgeni Mjerumani, mwongoza watalii wetu anasema ulijengwa na Wajerumani. Akija Mbelgiji, Wabelgiji. Siku alipokuja Mchina nilimwona mwongozaji anameza mate akitafuta pa kuanzia. Kengele nayo ilikuja kwa meli kutoka ng'ambo ya Kongo, au ilibebwa mabegani kutoka pwani mpaka Ujiji. Chagua, bei ya kusikiliza ni ileile.

Mimi naamini ya bibi yangu. Alisema mapadre wa wakati huo walitoa kitubio kwa mawe. Ukiiba kuku, unapandisha jiwe moja kutoka ufukweni. Ukichukua mke wa mtu, unapandisha mpaka padre aseme basi. Ndiyo maana ukuta wa chini una unene wa kitanda. Kuanzia katikati ni matofali, na hapo ama watu waliongoka, ama walianza kuungama kwingine. Juu kabisa kuna madirisha ya tao, mawili kila upande, hayana vioo, sauti itoke. Humo ndani hakuna saruji hata kijiko. Ni chokaa na mchanga.

Saruji ililetwa na kamati ya miaka ya nyuma, iliyoona aibu kuwa na mnara mzee. Ikaupiga plasta, ikaupaka rangi ya waridi. Mvua ikaingia nyuma ya plasta, ikakosa pa kutokea, matofali yakalainika kama mkate kwenye chai. Ndipo ikaundwa kamati mpya ya kuuokoa mnara kutoka kwa kamati.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa nauza dagaa mtaa wa Rusimbi na wenye maduka wananiogopa kwa kubishana bei. Mwenyekiti alitaka vigae vyeupe mpaka juu, vile vya bafuni, eti vinaoshwa kirahisi. Nikamuuliza nani atapanda kuviosha. Tukarudi kwenye chokaa.

Kila mjumbe alitakiwa kuleta michango. Mama mkwe wangu anakaa kijiji cha ufukweni kabla hujafika Kagunga, karibu na mpaka, mahali ambapo mlima umeziba kila kitu. Ukisimama jikoni kwake na simu, unapokea ujumbe wa kukukaribisha Burundi, na salio linakatwa kulipia ukarimu huo. Akitaka kuongea na binti yake, yaani mke wangu, anapanda mlima, na magoti yake hayataki. Kwa hiyo salamu zangu zilipita kwa nahodha wa boti: mwambie mama tunachangia mnara, aseme na majirani.

Alisema nao. Alipita nyumba kwa nyumba akinidhamini, kwamba mkwe wake ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Hata shehe wa kijiji alitoa debe zima. Mvuvi mmoja ambaye hajaingia kanisani tangu abatizwe akatoa mbuzi wa mafundi. Mwenyekiti alifuta machozi kikaoni, akasema huo ndio ujirani mwema. Mimi nilikagua madebe: yalikuwa yamejaa mpaka juu, jambo ambalo katika biashara ya dagaa lingepaswa kunishtua.

Siku ya kubariki mnara, mama mkwe alishuka bandarini na ujumbe wa watu wanane, vitenge vipya, kila mmoja na simu iliyochajiwa. Kengele ilipogongwa wakainua simu juu, wakazitazama, wakapiga vigelegele. Padre akafurahishwa na imani yao. Mama mkwe akanishika mkono.

"Imejaa, mkwe wangu," akaniambia. "Mpaka juu."

Nikadhani anasema kanisa.

Kumbe alisema mtandao wa simu. Mjini hujaa kila siku, lakini nani angewaambia? Waliondoka wakiimba. Nahodha ndiye aliyenisimulia kwamba boti ilipopita rasi, simu moja ililia, kisha zote pamoja, na wimbo ukakatika. Walikuwa wamekaribishwa Burundi.

Wiki iliyofuata nikapanda boti kwenda kwake. Nilimkuta uani anachambua maharage peke yake, saa ambayo ua ule huwa umejaa wanawake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Siku hizi wananiita Mama Kengele."

Nikamweleza habari za mnara wa zamani, mawe, matao, chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kengele naijua, mwanangu. Lakini uliposema mnara, nilimwambia jirani yangu kwamba binti yake akishikwa na uchungu usiku tutapiga simu zahanati. Nilisema kwa mdomo huu."

Nikaahidi kulipa kila debe. Akaendelea kuchambua.

"Dagaa wapo ziwani. Wewe njoo Jumatano, simama mbele ya watu, waambie sikuwadanganya."

Kamati imesema sadaka hairudi, ila jina la kijiji litaandikwa kwenye jiwe chini ya mnara, kwa herufi za dhahabu. Nilikwenda pia kwenye ofisi moja ya simu. Wakanijibu kijiji kile hakina wateja wa kutosha. Nikauliza watapatikanaje bila mnara. Wakaniomba niache namba, watanipigia.

Basi Jumatano nakwenda. Nimepanga maneno yote, lakini nikifika kwenye lile moja nakwama. Nikisema mnara, watasikia ule wao. Na kwa Kiha, lugha yao, ni umunara vilevile. Nikisema nguzo, watadhani umeme, nao wanaungoja. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri kabla boti haijaondoka: kile kitu cha mawe nikiite nini, ili wanawake warudi kwenye ua wa yule mama?